Kiasi ni Gramu Ngapi?

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Jikoni,
Gazeti la Jumapili.

Alhamisi, asubuhi

Ndugu Mhariri,

YAH: MATUMIZI HOLELA YA NENO "KIASI" KATIKA UTENGENEZAJI WA PIPI

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, tena mbali na sufuria. Mimi ni msomaji wa gazeti lako wa miaka mingi, ingawa ukurasa wako hasa nimeanza kuusoma wiki tatu zilizopita. Kabla ya hapo nilikuwa nikiutumia kufutia vioo vya madirisha, na kwa kazi hiyo sina lalamiko. Nimekuwa mkaguzi wa mizani na vipimo kwa miaka ishirini na tisa. Nilistaafu mwaka jana nikiwa na afya njema, macho mazuri na seti moja ya mawe ya shaba ya kupimia niliyoruhusiwa kuondoka nayo. Sina tabia ya kulalamika. Mke wangu, ambaye ni mshonaji na yuko kwenye cherehani yake hapa sebuleni ninapoandika, amekohoa niliposoma sentensi hiyo kwa sauti, lakini nadhani ana mafua.

Nakuandikia kuhusu pipi. Mwandishi wako anayejiita Bibi Tamutamu alichapisha maelekezo yenye kichwa "Pipi za Utamu na Chumvi: Rahisi, Bila Moto, Hata Mtoto Anaweza". Mimi si mtoto, nina miaka sitini na moja, na nimezitengeneza mara nne. Ni pipi zile zile ambazo binti yangu alikuwa akizitengeneza na kuziuza sokoni: biskuti za chumvi zilizopondwa, siagi ya karanga, maziwa mazito ya kopo, karanga za kukaanga, chokoleti juu na chumvi ya kunyunyiza mwisho. Binti huyo, ambaye nyumbani tunamwita Kipipi tangu akiwa na miaka minne, hajazungumza nami kwa mwaka mmoja na miezi minane. Jumamosi hii, saa kumi jioni, anakuja kwa mama yake kupimwa nguo. Atakaa saa moja. Nataka akute trei ya pipi mezani, na zisiwe pipi za kuchekesha. Kwa hiyo utaelewa, Ndugu Mhariri, kwamba sina muda wa kuchezewa.

Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo:

1. Kichwa cha habari si cha kweli. Kinasema "Bila Moto". Hatua ya tatu inasema niweke sufuria ya maji jikoni, na maji yakichemka niweke bakuli la chokoleti juu yake mpaka chokoleti iyeyuke. Naomba kujulishwa maji hayo yanachemshwa na nini. Kwa huruma? Mke wangu anasema maana yake ni kwamba pipi haziokwi, zinagandishwa tu kwenye friji, na kwamba kila mtu ameelewa. Kila mtu si kipimo.

2. Neno "kiasi". Limetokea mara saba katika maelekezo ya nusu ukurasa. Ponda biskuti kiasi. Maziwa kiasi. Acha ipoe kiasi. Kisha mwishoni, pale penye roho ya pipi zenyewe: nyunyiza chumvi kiasi. Chumvi ikipungua hizo ni pipi za kawaida, ikizidi ni dawa ya kusukutua, na katikati ya hayo mawili Bibi Tamutamu ameniacha peke yangu na kijiko.

Nilifanya kama tulivyokuwa tukifanya kazini, nikakusanya sampuli. Nilichukua pakiti ya chumvi na vipande vitatu vya karatasi, nikawaomba watu watatu wenye akili timamu waniwekee "kiasi". Mke wangu aliweka bila kuangalia, pini zikiwa mdomoni: gramu sifuri nukta tisa. Muuza duka wa chini ya nyumba yetu, ambaye ni mkarimu sana kwa mali isiyo yake, aliweka gramu mbili nukta sita. Jirani yetu wa ghorofa ya juu, ambaye ni muuguzi, aliweka gramu sifuri nukta mbili, kisha akanishika kiwiko na kunieleza habari za shinikizo la damu kwa dakika ishirini hapo hapo kwenye ngazi. Nikatafuta wastani, nikapata gramu moja nukta mbili tatu. Nikaitia chumvi hiyo chembe kwa chembe, kwa kibano cha nyusi cha mke wangu. Wote watatu walionja na wote watatu wakasema "si mbaya". Hayo ndiyo maneno ambayo mke wangu huwaambia wateja waliochagua kitambaa kibaya.

3. Konzi. Tunaambiwa tutie "konzi mbili za karanga". Konzi ya nani? Ya mke wangu inabeba karanga ishirini na sita. Ya muuza duka inabeba karanga sabini na moja na bado anadai hajakunja vidole vizuri. Trei yangu ya pili niliitengeneza kwa konzi za muuza duka. Ilibidi niikate kwa msumeno mdogo wa chuma, na jirani muuguzi alipokuja kuuliza kelele ni za nini nilimwambia narekebisha kabati.

4. Picha. Pipi zimepigwa picha juu ya sahani nyeupe bila rula, bila sarafu, bila hata njiti ya kiberiti kando yake. Zinaweza kuwa na ukubwa wa kete au wa tofali.

5. Hatua ya sita inasema: "Onja. Ukiona bado, ongeza." Hapa niliweka miwani chini, nikatembea mpaka dirishani, nikarudi. Mizani ya muuza mchele hukaguliwa kila mwaka na kupigwa mhuri. Ulimi wa mpishi haujakaguliwa tangu azaliwe, na ndio tunaotegemea! Napendekeza kwamba kila mtu anayepika chakula kitakacholiwa na mwingine alete ulimi wake ukaguliwe mara moja kwa mwaka na kupewa cheti. Suala la mahali pa kupiga mhuri linaweza kujadiliwa. Mabibi waliozidi miaka sabini wapewe muda wa kujiandaa, miezi sita hivi, lakini wasisamehewe, maana hao ndio chanzo.

Tukilinyamazia jambo hili halitaishia jikoni. Kesho daktari ataandika "vidonge kiasi". Mwashi atatia saruji kiasi. Rubani atatia mafuta kiasi, na sisi tutakuwa juu huko tukila karanga konzi mbili. Usidhani natia chumvi. Ninaishi katika jengo ambalo milango yake ya bafu inanifanya niamini kwamba fundi wake alikuwa msomaji wa Bibi Tamutamu.

6. Kuna watu wanaojua vipimo na wanavificha. Mke wangu alizijua pipi hizi kabla ya binti yetu, ndiye aliyemfundisha. Nilimwandikia barua rasmi, nikaiweka juu ya cherehani yake, kumwomba vipimo kwa gramu. Alinijibu nyuma ya karatasi ile ile: "Tia kiasi, Baba Kipipi. Ukiona zimekubali, acha." Zimekubali nini? Nani aliziuliza? Huyu ni mwanamke mwenye futi ya kushonea shingoni mwake saa kumi na mbili kwa siku, lakini akija mteja humtazama tu kuanzia mabegani mpaka miguuni, akakata kitambaa, na nguo ikamkaa. Nimeishi naye miaka thelathini na nne na sijapata maelezo ya kuridhisha.

Kila Jumapili ya pili huenda kumtembelea Kipipi. Akirudi namuuliza hajambo, ananijibu hajambo. Namuuliza amesema nini, anasema amesema mengi. Namuuliza amesema nini kunihusu. Hapo huwasha cherehani.

7. Lalamiko hili halimhusu Bibi Tamutamu moja kwa moja, lakini naomba ulisome, kwa sababu bila hili hutaelewa la nane.

Kipipi alipokuwa na meza yake sokoni, tulifika kwenye safu yao katika ukaguzi wa kawaida. Wenzangu walinishauri nipite mbele, meza ile waikague wao. Nilikataa. Soko zima lilikuwa likitazama, na mimi, nasema kweli, nilipenda litazame. Nilipima pakiti kumi. Kila moja iliandikwa gramu mia mbili na kila moja ilikuwa na gramu mia moja tisini na nne. Niliifunga mizani yake kwa lakiri ya ofisi isitumike tena, nikachukua pakiti zote kumi, nikajaza fomu. Fomu zetu zina nafasi ya jina la mzazi wa mfanyabiashara na nafasi ya jina la mkaguzi. Niliandika jina moja mara mbili, kwa mwandiko mzuri. Kipipi alisoma, akatia saini, akakunja kitambaa cha meza yake, akaondoka. Meza ile hakuirudia tena, siku hizi anafanya kazi ya kupanga bidhaa kwenye duka la watu. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiwaeleza watu kwamba alinyamaza kwa sababu hakuwa na la kujitetea.

8. Juzi Jumanne, katika trei ya nne, mizani yangu ndogo ya jikoni haikuwaka. Mke wangu alikuwa amechukua betri yake akaiweka kwenye saa ya ukutani, eti saa inatumika na watu wengi zaidi. Nikatoa kabatini mizani ya Kipipi. Hakuna aliyekwenda ofisini kuidai, na siku ya kustaafu nilikabidhiwa pamoja na mawe ya shaba, kwa kuwa wenzangu walikumbuka kwamba zamani ilikuwa yangu. Ndiyo, Ndugu Mhariri. Nilimpa mimi siku alipoanza biashara. Nilimwambia mbele ya mama yake kwamba mizani hii haijawahi kusema uongo.

Nilikata lakiri, nikamwaga juu ya sinia yake biskuti za pakiti moja, gramu mia mbili. Mshale ukasimama kwenye mia mbili na sita. Nilifurahi! Nilianza kutafuta karatasi nikiandikie kiwanda barua ya pongezi. Lakini katika miaka ishirini na tisa sijaona kiwanda kinachotoa zawadi, kwa hiyo nikaondoa biskuti, nikaweka jiwe la shaba la gramu mia mbili. Mia mbili na sita. Nikaliondoa, nikaifuta sinia, nikaliweka tena. Nimeliweka mara thelathini na tisa.

Mtu anayejaza pakiti kwa mizani hiyo mpaka mshale uguse mia mbili atakuwa ameweka mia moja tisini na nne. Kila pakiti, bila kukosea. Hakuna mdanganyifu anayeweza kupunja pakiti kumi kwa usawa kama huo. Ni mizani tu inayoweza. Mkaguzi wa wiki ya kwanza kazini angeliona hilo akiwa amesinzia. Sijui siku ile nilikuwa nikiangalia nini. Najua: nilikuwa nikiwaangalia watu waliokuwa wakiniangalia.

Nimemfungia mwanangu meza yake kwa kosa la mizani yangu. Nina aibu, na usiniulize ni gramu ngapi.

Hata hivyo bado nashikilia kwamba chanzo ni ukurasa wako. Bibi Tamutamu angeandika chumvi kwa gramu, trei ya kwanza ingetosha. Trei ya kwanza ingetosha, nisingefika ya nne. Nisingefika ya nne, betri isingenihusu, na mizani ile ingebaki kabatini na lakiri yake, nami ningemkaribisha binti yangu Jumamosi nikiwa mtu asiye na kosa. Neno moja tu la herufi tano limenigharimu hayo yote.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo:

Kwanza, sahihisho lichapishwe kabla ya Jumamosi, saa kumi. Natambua kwamba gazeti lako hutoka Jumapili. Naomba wiki hii litoke Ijumaa.

Pili, Bibi Tamutamu alete mkono wake wa kulia ofisini kwako, konzi yake ipimwe mbele ya mashahidi wawili, na matokeo yatangazwe.

Tatu, neno "kiasi" lipigwe marufuku katika ukurasa wako, pamoja na ndugu zake wote: "kidogo", "si haba", "usizidishe" na "wewe mwenyewe utaona".

Nne, na hili si la lazima. Endapo Bibi Tamutamu ana maelekezo ya namna ya kumwomba radhi mtu mzima uliyemzaa mwenyewe, ayachape pamoja na hayo mengine. Niambiwe nianze na nini, nitie maneno mangapi, niyakoroge kwa muda gani na nitajuaje kwamba yamekubali. Hapo hasa sitaki kusikia habari za kiasi. Nimejaribu kuandika, nina kurasa tatu, na mke wangu ameziona akasema ni nyingi mno, kisha nilipofuta akasema ni chache mno. Nilipomuuliza basi ngapi, unalijua jibu alilonipa.

Nisalimie wafanyakazi wote wa gazeti. Msalimie mpiga picha na umkumbushe rula. Msalimie msomaji wa prufu, ambaye aliliacha neno hilo likapita mara saba bila kushtuka. Bibi Tamutamu pia mpe salamu zangu, zipimwe.

Wako katika uzani ulio sahihi,

Mkaguzi Mstaafu wa Mizani na Vipimo

NYONGEZA, Jumapili:

Barua hii haikutumwa Alhamisi kwa sababu bahasha niliyoiandaa mke wangu aliitia vifungo. Naituma leo, na naomba uisome kuanzia hapa kwenda juu, au usiisome kabisa.

Kipipi alikuja jana saa kumi kasorobo. Mama yake alimpima bila futi, kwa dakika mbili, kisha akakumbuka ghafla kwamba ana uzi wa kununua dukani. Tukabaki wawili na trei. Alichukua kipande, akatafuna, akatazama dari. Akaniuliza nimetia chumvi kiasi gani. Nikamwambia gramu moja nukta mbili tatu. Ndugu Mhariri, alicheka mpaka akakaa chini kwenye zulia. Kisha akainuka, akachota chumvi kwa vidole vitatu, akanyunyiza trei nzima akiwa anaangalia dirishani, akanipa kipande. Zilikuwa zenyewe. Nilimuuliza ametia ngapi. Unajua alivyonijibu, na safari hii sikuona la kulalamikia.

Nilitoa kurasa zangu tatu. Nilisoma mstari wa kwanza, ule unaosema mizani ilikuwa mbovu na ilikuwa yangu, kisha nikavua miwani kuifuta. Akaniambia, "Najua, baba." Anajua tangu siku ile ile. Nilipotaja mia moja tisini na nne kwa mara ya kumi alielewa papo hapo, yeye aliyejifunza kazi kwa kunitazama, huku mimi naandika jina langu mara mbili. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alikuwa amejigamba kwa safu nzima kwamba mizani yake imetoka kwa baba yake, mkaguzi. "Ningesema mbele ya watu wale, wangekucheka wewe. Nikaona nisubiri uipime mwenyewe. Sikujua ungechukua muda wote huu!"

Alikaa saa tatu na nusu. Anataka kurudi sokoni mwezi ujao, na mawe ya shaba nimempa. Amesema atayatumia kuzuia kitambaa cha meza kisipeperuke.

Naondoa malalamiko yote manane. Picha ya pipi ilikuwa nzuri. Konzi ya Bibi Tamutamu iachwe kwake.

Wakati wa kuondoka Kipipi alinifungashia pakiti kwa mkono, akaandika juu yake kwa kalamu ya mama yake "gramu 200", akanitazama. Nilisubiri mpaka ameshuka ngazi. Mke wangu alikuwa amerudisha betri bila kuombwa. Mizani ilisema mia mbili thelathini na moja.

Gramu thelathini na moja za ziada, Ndugu Mhariri, na lebo ina maelezo yasiyo sahihi. Sikuziandika popote. Nimezila.